Sufuria la Shangazi kwenye Njia ya Irente

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo. Kabla sijasema lolote naomba msaada wako na pia naomba usilitaje jina langu, kwa sababu mimi ni mtu ninayefahamika hapa Lushoto, ni mzee wa kanisa katika usharika wetu, ofisini nina meza yangu karibu na dirisha na vijana huniamkia kabla sijawaona, kwa hiyo jambo hili likijulikana kuwa ni langu sijui nitapita wapi.

Mambo yalianza kwenye semina ya ndoa, mchungaji alipowaambia akina mama wasimame mmoja mmoja na kila mmoja ataje kitu kimoja tu anachotamani kutoka kwa mume wake, basi wakasimama, huyu akataja kitenge, huyu akataja jiko la gesi, mwingine akasema anataka mume wake awahi kurudi nyumbani, watu wakacheka vizuri, ilipofika zamu ya mke wangu Modesta, ambaye ni mwenyeji wa Vuga na kwa kawaida si mtu wa maneno mengi, akasimama akasema, "Mimi nataka siku moja nitembee na mume wangu njia nzima nikiwa sina kitu kichwani, wala mgongoni, wala mkononi. Twende tu, tuongee, turudi." Watu wakacheka kuliko mwanzo, na mimi nikacheka nikidhani anatania, lakini yeye hakucheka, na mchungaji akanigeukia akaniuliza, "Mzee, umesikia?" na mimi kwa kuwa nilikuwa nimekaa mbele sikuwa na pa kujificha, nikasimama nikatangaza kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi mimi na mke wangu tutapanda Irente kwa miguu, tutapitia Yoghoi, tutakaa pale mwambani tutazame tambarare ya chini, kisha tutarudi kabla jua halijazama, na usharika mzima ukapiga makofi, na nikiri kwamba makofi yale niliyapenda.

Sasa wewe Mama Mshauri unajua kwetu mlimani mtu hapandi mlima bure, mwanamke ukimwona anapanda ana mtungi, ana kuni au ana majani ya ng'ombe, na mtu akipita mikono mitupu anaulizwa msiba uko wapi, kutembea ili kutembea tumewaachia wageni wanaokuja na kamera, lakini kwa kuwa nilikuwa nimeshatangaza nikaona nijiandae kikamilifu, nikanunua viatu vya kupandia mlima vyenye kamba ndefu, nikanunua kofia, fimbo ya kutembelea, begi la mgongoni lenye mifuko mingi na darubini ya kutazamia mbali, na kwa upande wa Modesta sikuona haja ya kununua kitu kwa sababu yeye ana ndala zake na milima hii ameipanda nazo miaka yote bila kulalamika.

Tatizo ni kwamba kutangaza siku na njia mbele ya watu wengi ni kosa ambalo sikuliona mapema, kwa sababu habari zilitoka kanisani zikashuka sokoni, na kabla wiki haijaisha mama yangu mzazi akaja asubuhi ameshika jogoo, akaniuliza, "Baba, si mnapita Yoghoi?" nikamwambia, "Tunapita, mama," akasema, "Basi huyu mfikishieni wifi yangu, kuku wake wamebaki majike matupu," wifi yake ndiye Shangazi Marta, dada wa marehemu baba yangu, na nyumba yake imekaa kando kabisa ya njia ya kwenda Irente, nikamwambia mama amwache barazani. Jioni yake akaja baba mdogo Yohane na nusu mfuko wa mbolea, ana shamba la viazi juu ya Yoghoi, akasema, "Kwa kuwa mnakwenda hata hivyo," nikamwambia auache barazani. Kesho yake akaja jirani yetu Bi Sharifa, huyu hata kanisani kwetu hasali, alisikia sokoni, akaja na lile sufuria kubwa la shughuli ambalo Shangazi Marta alimwazima wakati wa harusi ya binti yake Zuhura, sufuria la kupikia wali wa watu wengi, mtoto anaweza kuoga ndani yake, akasema, "Mzee, tangu harusi ipite sufuria hili linanitazama kila nikiingia jikoni, nashukuru Mungu amewafungulieni njia," na mimi ningefanyaje, nikamwambia aliache barazani.

Usije ukasema ningetuma vitu hivi kwa bodaboda, kwa sababu nilimgusia mama jambo hilo naye akasema, "Mtu atapita mlangoni kwa shangazi yake kwa miguu yake, halafu jogoo wa shangazi yake apande pikipiki. Kwani Marta amekukosea nini?" na ni kweli kwetu hiyo ni dharau.

Basi nikakaa nikapanga safari kwa haki, mimi begi la mgongoni, fimbo na darubini, maana njia ina utelezi na mtu wa mbele lazima mikono yake iwe huru, Modesta sufuria, kwa kuwa shingo yake imezoea, na kwa kuwa sufuria likikaa kichwani mikono inabaki haina kazi nikaona jogoo na kapu la chakula navyo aweze kuvishika, na ile mbolea nikasema tutaona, na kwa kweli nilidhani nimepanga vizuri, mpaka aliporudi kutoka shambani akaikuta baraza ile.

Akauliza, "Hivi ni vya nani?"

Nikamwambia, "Ni vya watu, tutawafikishia, si tunapita."

"Nani anabeba?"

"Tutasaidiana."

"Wewe utasaidia na nini?"

Nikamwonesha fimbo, nikamweleza kuhusu mtu wa mbele na utelezi, akanisikiliza mpaka mwisho, akaketi, akaanza kuondoa matope miguuni, akasema bila hasira yoyote, "Sikiliza, Baba Nanii. Jumamosi ukinipa vitu hivi nitavibeba. Sitanuna wala sitamwambia mtu. Lakini nikibeba hata unyoya wa huyo jogoo, hutanisikia tena nikikuomba kitu mpaka mmoja wetu azikwe."

Mama Mshauri, sitakudanganya, mwanzo niliona ni jambo jema, mke asiyeomba kitu wanaume wengi wanamtafuta, hata nikamweleza Alen ambaye tunakaa naye ofisi moja, akanipa mkono akasema, "Kaka, umeokota dodo," lakini naona Modesta ameshaanza kujizoeza kabla hata Jumamosi haijafika, kwa mfano zamani tukila alikuwa akisema, "Nisogezee chumvi," sasa chumvi ikiwa mbele yangu anainuka, anaizunguka meza, anaichukua mwenyewe, anarudi anakaa, na nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba nasikia saa ya ukutani ikigonga, saa ambayo nilidhani imekwisha kufa, na nikimuuliza kama ana tatizo anasema hana.

Na mimi kulibeba sufuria lile kichwani siwezi, si kwamba ni zito, ni tupu, na sufuria tupu kwa kweli si mzigo, ila njia ya Irente inaanzia mjini, nikionekana mzee mzima nina sufuria kichwani na mke wangu anatembea pembeni anapunga mikono watasema nimekaliwa na mke, na mtu aliyekaliwa hawezi tena kuwasuluhisha watu wengine kanisani.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, la kwanza umwandikie Modesta maneno ya busara, maana anasoma safu yako, umweleweshe kwamba sufuria tupu si kitu cha kuvunjia amani ya nyumba, la pili, ikiwa utaona ni lazima nibebe mimi, unielekeze kama ipo njia ya kuzunguka nyuma, kupitia kwenye misonobari, ambayo haipiti sokoni, na la tatu uniambie kwa matembezi mafupi ya siku moja kama haya, ambayo si magumu sana, mtu ajiandae na nini zaidi ya vile nilivyokwisha kununua. Ahsante na Mungu akubariki.

Ni mimi, Mzee wa Kanisa, Lushoto.


BIBI SECILIA ANAJIBU

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta nukta.

Umeniomba nifiche jina lako, nimelificha, na hata jina la mtoto wenu nimeliweka kando. Jina la mke wako hukuniomba nilifiche. Nadhani hukuona kama linahusika.

Kwanza nikupongeze kwa maandalizi. Una viatu vyenye kamba ndefu, una kofia, una fimbo, una begi lenye mifuko mingi. Unayo hata darubini ya kutazamia mbali, ila pole, aliyekuuzia hakukuambia kwamba haioneshi vilivyo karibu. Mke wako alisimama mbele ya usharika mzima akaomba kitu ambacho hakiuzwi dukani, ukaenda dukani ukajinunulia wewe. Kisha ukapanga safari kwa haki. Neno hilo nimelisoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikalisoma tena. Mwanamke ameomba asiwe na kitu kichwani, wala mgongoni, wala mkononi. Wewe ukampa cha kichwani na cha mkononi, mgongo ukauacha wazi. Bila shaka hapo ndipo ulipopanga mbolea ikae.

Unasema sufuria tupu si mzigo. Nimefurahi kulisikia hilo kutoka kwako, maana limetupunguzia kazi sote wawili. Kama si mzigo, utalibeba wewe.

Sasa tuje kwa mama yako. Mama yako amesema kweli na sitamsahihisha. Kwetu mtu hapiti mlangoni kwa shangazi yake mikono mitupu, na jogoo wa shangazi hapandi pikipiki wakati mpwa anapita kwa miguu. Hiyo ni heshima, na mtu anayeiona ni ushamba ahame milimani. Lakini nimeyasoma maneno ya mama yako kwa uangalifu. Hakusema mikono ya nani. Alikuita wewe baba, akakuuliza wewe, akakukabidhi wewe. Kadhalika baba mdogo wako, kadhalika Bi Sharifa. Wote walikuja kwako, na aliyewajibu "acha barazani" ni mdomo wako wewe. Modesta alikuwa shambani. Sijawahi kuona mtu mkarimu kama wewe, mwenye kupokea mizigo yote ya ukoo kwa mdomo wake na kuibeba kwa shingo ya mtu mwingine.

Na usijidanganye kwamba kinachokusumbua ni sufuria. Kinachokusumbua ni chumvi. Umeandika kurasa nzima kuhusu viatu, njia na heshima yako kanisani, ila mahali pekee ambapo barua yako imetetemeka ni pale mke wako alipoizunguka meza. Hapo uliogopa, na ulikuwa na haki ya kuogopa. Mke anayegombana bado anakutegemea. Mke anayeinuka kimya na kuifuata chumvi yake ameanza kuishi kama vile kiti chako kina mgeni wa kupita. Huyo ndugu yako Alen aliyekupa mkono na kukwambia umeokota, mwulize yeye mara ya mwisho aliombwa kitu lini nyumbani kwake, kisha uchague kama unataka kuzeeka kama yeye.

Mambo yako matatu nitayajibu, ila si kwa mpangilio wako.

Umeuliza mtu ajiandae vipi kwa matembezi ya siku moja yasiyo magumu. Swali ni zuri, na wengi huliuliza wakiwa wameshachelewa. Hivyo viatu vyako vipya usivivae kwa mara ya kwanza Jumamosi. Vivae kuanzia leo, nenda navyo ofisini, nenda navyo hata kanisani, vijana wataendelea kukuamkia. Kiatu kipya hakimli mtu anapopanda, kinamla anaposhuka, na kutoka Irente kuna kushuka kwingi. Modesta naye anahitaji raba zenye meno chini. Ndala ni za kuendea bombani. Nenda naye sokoni, akae, ajaribu. Usimnunulie kwa kukisia, kwa sababu nina hakika hujui namba ya mguu wake, na usisubiri akuombe, kwa sababu ameshakueleza kwamba hataomba.

Ondokeni asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, kwa sababu kwetu mvua hupenda kuja mchana bila kubisha hodi. Kila mmoja awe na sweta, hata kama mjini kuna jua. Maji ya kunywa yawe ya kutosha wote wawili, na yakae katika hilo begi lenye mifuko mingi, ambalo hatimaye litapata kazi. Chakula ni mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na ndizi. Mayai utachemsha wewe. Yanawekwa kwenye maji, yanawekwa jikoni, yanasubiriwa. Kapu huhitaji, na darubini iache nyumbani, ina uzito, nawe kichwani utakuwa na kitu kingine.

Mbolea haiendi kwenye matembezi. Nenda kwa baba mdogo wako, mwamkie vizuri, mwambie mfuko utafika Ijumaa kwa bodaboda hadi shambani kwake. Hataona dharau. Mbolea haina shangazi.

Jogoo mfunge miguu, umweke ndani ya sufuria, mfuniko kama ulikuja na sufuria umrudishie Bi Sharifa, ataupeleka mwenyewe siku atakapokwenda kumshukuru mwenye chombo chake kama inavyompasa. Sufuria liweke kichwani juu ya ngata. Ngata, kwa faida yako, ni ile nguo inayosokotwa kuwa duara ili chombo kisikuumize utosi. Ipo nyumbani kwako. Umeiona kila siku ya ndoa yako ikiwa kichwani kwa mtu.

Shangazi Marta mpigie simu kabla. Mwambie mtapita asubuhi, mtakaa kidogo, na kwamba jogoo huyo ni mbegu. Sisitiza neno mbegu. Ukifika bila kumwonya, atamkamata palepale kwa nia ya kukuheshimu, atawasha moto, na safari yenu ya Irente itaishia jikoni kwake, tena Modesta ndiye atakayenyonyoa. Mkiletewa uji, kunyweni. Mkiletewa chakula, kuleni kidogo na mshukuru. Wakati wa kurudi atawapa kabichi, na kabichi za Yoghoi si ndogo. Hizo hazikataliwi. Utazipokea kwa mikono miwili na utashuka nazo wewe.

Mwambani msisogee ukingoni. Upepo wa pale hauchagui wazee wa kanisa. Ukungu ukipanda, kaeni mlipo mpaka upite, na kama haupiti geukeni mrudi, milima itakuwepo wiki nyingine. Njiani, palipo pana, tembeeni sambamba. Palipo pembamba, Modesta atangulie. Najua umepanga kuwa mtu wa mbele. Umekuwa mtu wa mbele siku zote, na matokeo yake ni kwamba hujawahi kumwona mke wako akitembea.

Sasa kuhusu ile njia ya nyuma, ya kupitia kwenye misonobari. Ipo. Naijua tangu utoto. Sikuelekezi. Ahadi uliitoa mbele za watu, makofi uliyapokea mbele za watu na ukakiri uliyapenda, kwa hiyo sufuria utalibeba mbele za watu. Utapita sokoni. Watu watawasalimu, nanyi mtaitika. Atatokea mama mmoja nyuma ya fungu la karoti, atauliza, "Mzee, msiba uko wapi?" Mjibu, "Hakuna msiba, tunatembea." Atalitazama sufuria, atamtazama jogoo, ataitazama mikono ya Modesta. Mwache atazame. Watasema umekaliwa, na kwa ukubwa wa sufuria hilo watakuwa hawajakosea sana. Jumapili utarudi kanisani, na nakuhakikishia kwamba watu wenye migogoro ya ndoa watakuja kwako kwa wingi kuliko zamani, maana kwa mara ya kwanza watakuwa na sababu ya kuamini ushauri wako. Wale watakaokucheka watakuwa waume. Wake zao watakuwa kimya wakihesabu Jumamosi.

Umeniomba pia nimwandikie Modesta maneno ya busara. Hilo nalifanya kwa furaha.

Modesta, mwanangu, siku hiyo usimwonee huruma. Mtakapoanza mwinuko wa kwanza atapumua kwa sauti. Tazama maua. Atasimama na kujifanya anapendezwa na mandhari. Simama naye, tazama mandhari. Jogoo atapiga kelele, sufuria litainama, na mikono yako itakuwasha kwa mazoea ya miaka mingi, utataka kusema, "Lete nikupokee." Usiseme. Ukimpokea hata kwa hatua chache, atasimulia maisha yake yote kwamba ulitaka mwenyewe. Akikuomba umfundishe kusokota ngata, mfundishe, hilo si mzigo. Kama atakuwa ameisokota ovyo, msahihishe mara moja tu, kisha mwache ajifunze kwa shingo.

Narudi kwako, mzee. Baada ya Yoghoi sufuria litakuwa limetuliwa na jogoo ameshapata wenzake. Kutoka hapo hadi mwambani mtakuwa wawili, wote mikono mitupu, isipokuwa wewe na begi lako. Hicho ndicho kipande cha njia ambacho mke wako alikiomba. Usikijaze hotuba. Usimweleze majina ya vilima, anayajua. Usimuulize kama sasa ameridhika, kana kwamba unataka risiti. Shingo itakuuma, na usiitaje. Anajua inavyouma, hahitaji kusimuliwa.

Mkifika, kaeni mbali na ukingo, toa mayai, toa maji, uyaweke upande wako. Kisha unyamaze, jambo ambalo kwa kuitazama barua yako naona litakuwa gumu kuliko mlima wenyewe. Huenda atainuka akuzunguke, ayachukue maji mwenyewe, na ikiwa hivyo mtashuka, na wiki ijayo utaanza upya, na hapo hakutakuwa na sufuria la kulaumu, utakuwa wewe tu. Lakini akikwambia, "Nisogezee maji," usishangilie, usinukuu, usikumbushe lolote. Yasogeze.

Hapo ndipo mtakuwa mmefika Irente.